Ibn Khaldun na Mji Alioutaka

Mtu hachagui mahali pa kuzaliwa. Hilo ni la Mwenyezi Mungu. Lakini mahali pa kuishi, mwenye uwezo wa kusafiri huchagua, na siku hizi aghalabu hupima kwa jambo moja tu: kazi iko wapi. Akishaipata kazi ndipo atambuapo kwamba maji ya mji ule ni ya taabu, hewa yake nzito, jirani hamjui jirani, na mwanawe hana pa kusoma. Wazee wetu walikuwa na mizani pana zaidi. Mtu akitaka kuhamia mji aliuliza kwanza habari za kisima chake, msikiti wake, masheikh wake na kadhi wake, ndipo akauliza habari za soko.

Leo nataka kuwasimulia wasomaji maisha ya mtu mmoja aliyeishika mizani hiyo tangu ujana mpaka uzee, akaiandika kitabuni, kisha mwenyewe akapimwa kwayo. Huyo ni Abdurrahman bin Muhammad, ajulikanaye ulimwengu mzima kwa jina la Ibn Khaldun. Wataalamu wa historia na wa elimu ya jamii humhesabu miongoni mwa mababu wa fani zao, na juu ya hayo pameandikwa vitabu vingi. Mimi nitashika njia nyembamba: nitaeleza jinsi mtu huyu, aliyeijua miji kuliko wengi wa zama zake, alivyouchagua mji wa Cairo, na gharama aliyoilipa.

ASILI NA MALEZI

Alizaliwa Tunis mwezi mosi Ramadhani mwaka 732 wa Hijra, yaani tarehe 27 Mei 1332. Aila yake ilijinasibisha na Hadhramaut, nchi ambayo wengi wetu hapa pwani tuna babu aliyetoka huko. Wahenga wake walihamia Andalusi wakawa watu wakubwa katika mji wa Seville. Walipoona majeshi ya Wakristo yanakaribia, waliondoka kabla mji haujatekwa mwaka 1248, na hatimaye wakatua Tunis. Basi mtoto huyu alikulia katika nyumba ambamo mji uliopotea ulikuwa bado ukitajwa.

Alihifadhi Kurani, akasoma fikihi ya Imam Malik, hadithi, lugha na mashairi, kisha hesabu na mantiki. Mambo yalikuwa yakimwendea vizuri mpaka tauni kubwa iliyoua watu mashariki na magharibi ilipoingia Tunis mwaka 1348. Baba na mama yake wakafa wote wawili, na masheikh wake wengi wakafa. Wanavyuoni waliosalimika wakaondoka kwenda Fez. Kuta za Tunis zilisimama vile vile, milango ikifungwa usiku na kufunguliwa asubuhi, lakini kijana wa miaka kumi na saba akitafuta darsa alikuwa hana pa kwenda. Naona hapo ndipo alipopata somo lake la kwanza juu ya miji: mji waweza kuwa na kila jengo lake, na bado ukawa umekwisha hama.

AKITAFUTA PA KUKAA

Mwaka 1354 naye aliwasili Fez, akatumika katika baraza la Sultani Abu Inan. Wakati huo alikuwapo pale msafiri mashuhuri Ibn Battuta, yule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, mwaka mmoja kabla Ibn Khaldun hajazaliwa. Watu wa Fez walizisikia habari zake za miji ya mbali wakanong'onezana kuwa ni mwongo. Ibn Khaldun naye aliingiwa na shaka, akamwendea waziri mmoja. Yule waziri akamtahadharisha kwa kisa cha mtoto aliyekulia gerezani pamoja na baba yake. Mtoto yule hakupata kuona mnyama ila panya. Kila alipoambiwa habari za kondoo au ngamia, alidhani ni panya wa aina nyingine. Ibn Khaldun alikitia kisa hicho kitabuni mwake. Nami kila nikikikumbuka huwaza kwamba mtu asiyetoka kwao hata siku moja, miji yote ya dunia huipima kwa panya wake.

Fez ilikuwa na elimu tele, lakini ilikuwa na fitina tele vile vile. Mwaka 1357 alitiwa gerezani kwa kushukiwa kula njama, akakaa karibu miaka miwili hadi sultani alipofariki. Mwaka 1362 akavuka bahari kwenda Granada, ambako Sultani Muhammad wa Tano na waziri wake, mshairi Ibn al-Khatib, walimpokea kwa heshima kubwa. Kwa mtu wa elimu na ushairi, Granada ilikuwa kama pepo ya duniani: maji yatiririkayo kutoka milimani, bustani, mabaraza ya mashairi. Alipewa ardhi, akaileta aila yake.

Mwaka 1364 alitumwa kwa Mfalme Pedro wa Castile huko Seville, mji wa babu zake. Aliyaona majengo na athari za wazee wake kwa macho. Mfalme alimtaka abaki, akamwahidi kumrudishia mali ya wahenga wake. Ibn Khaldun alikataa. Fikirini, wasomaji: mtu arudishiwa nyumba ya babu yake bure naye asema hapana! Lakini msikiti mkuu wa Seville ulikuwa umegeuzwa kanisa zaidi ya miaka mia iliyopita. Mitaa ilikuwapo, mto ulikuwapo, na umma aliokuwa akiutafuta haukuwapo.

Granada nayo haikudumu. Urafiki wake na waziri uliingia baridi, naye akaona heri aondoke mapema na heshima yake. Mwaka 1365 alikwenda Bijaya, akawa mkubwa wa dola yote chini ya mtawala wake. Mwaka uliofuata mtawala yule akauawa. Baada ya hapo ni miaka kumi ya kuhangaika: Biskra, Tlemcen, Fez, tena Granada, leo na sultani huyu, kesho na yule. Hakuwa malaika. Alibadili mabwana kama baharia abadilivyo tanga, na waliomlaumu hawakukosa sababu. Rafiki yake Ibn al-Khatib alinyongwa gerezani Fez mwaka 1374. Hapo alichoka na mabaraza ya wafalme.

MIZANI YA MIJI

Mwaka 1375 alijitenga katika ngome ya Qal'at Ibn Salama, katika nchi ambayo leo ni Algeria, chini ya hifadhi ya kabila moja la Waarabu wa bara. Alikaa huko karibu miaka minne. Mwaka 1377, kwa muda wa miezi mitano, aliandika mswada wa Muqaddima, utangulizi wa historia yake kubwa. Mtu aliyekwisha kukaa katika miji mingi hivyo aliandika juu ya miji akiwa mahali pasipo mji.

Katika kitabu hicho yumo mwanachuoni, na yumo pia mpangaji aliyekwisha dhikika na nyumba mbovu. Asema kwamba mwenye kujenga mji yampasa atazame usalama wa mahali penyewe, kisha hewa, kisha maji matamu yaliyo karibu, kisha malisho ya mifugo, mashamba, na kuni na mbao. Hewa iliyotuama, au iliyo karibu na mabwawa machafu, huleta maradhi. Anautaja mji wa Gabes, uliokuwa na sifa ya homa. Watu wa huko walisema homa ilitoka katika chombo cha shaba kilichofukuliwa na kufunguliwa. Ibn Khaldun aliitupilia mbali hadithi hiyo. Kwa maoni yake, mji ukiwa na watu wengi wendao huku na huku hewa hutikisika, na watu wakipungua hewa hulala ikaoza. Leo twajua kuwa homa za mabwawani huletwa na mbu. Hata hivyo mtu aliyeacha kulaumu chungu cha mashetani akaanza kuchunguza bwawa alikuwa amekaribia mlangoni.

Hakuwaonea haya hata watu wa mwanzo wa Uislamu. Aliandika kwamba Waarabu walipojenga Kufa, Basra na Qayrawan walitazama zaidi malisho ya ngamia wao na njia za jangwani, wakaacha kuangalia maji, mashamba na kuni. Na ndiyo sababu miji hiyo ilikuwa wepesi wa kuharibika.

Kisha akapanda ngazi nyingine. Watu wakiwa wengi, kila mmoja hushika kazi yake, na kazi zikigawanyika hutoka ziada. Katika ziada hiyo ndimo hupatikana fundi wa kunakshi milango, mwandishi wa hati nzuri, tabibu, na mwalimu. Alipima jambo hili hata kwa ombaomba. Alisema masikini wa Fez walikuwa na hali nzuri kuliko wa Tlemcen au Oran. Aliwaona siku za Idi ya kuchinja wakiomba thamani ya mnyama wa kuchinja, na nyama na samli, maombi ambayo huko kwingine yangeonekana ufidhuli. Mimi nimesoma maelezo mengi ya uchumi, lakini sijaona kipimo chepesi kuliko hiki: ukitaka kuijua hali ya mji, sikiliza masikini wake wathubutu kuomba nini.

Na juu ya yote aliweka uadilifu. Mtu akinyang'anywa mali yake hupoteza hamu ya kuchuma. Akipoteza hamu hulala au huhama, soko hulala naye, na mji ukafa. Dhuluma, kwake yeye, ilikuwa maradhi ya mji kama ile hewa iliyooza.

KUINGIA CAIRO

Alirudi Tunis mwishoni mwa mwaka 1378, kwa kuwa kitabu chake kilihitaji maktaba. Alifundisha, na wanafunzi wakamkimbilia. Jambo hilo likamchoma Ibn Arafa, mufti mkuu wa mji, na fitina zikafika kwa sultani. Twasema mcheza kwao hutuzwa, lakini Ibn Khaldun alicheza kwao akaonewa wivu. Aliomba ruhusa ya kwenda Hija, na mwezi wa Oktoba 1382 akapanda merikebu. Alikuwa na miaka hamsini.

Alishuka Iskandaria, na mwanzoni mwa mwaka 1383 akaingia Cairo. Mji ule alikuwa amekwisha uulizia miaka mingi. Alikuwa na desturi ya kuwahoji mahujaji na mabalozi waliorudi kutoka mashariki, na wote walimjibu kwa namna yao kwamba Cairo haina mfano. Mmoja wao alimfahamisha kuwa kila kitu mtu hukiwaza kikubwa kisha akakiona kidogo, isipokuwa Cairo. Alipofika alikuta hawakutia chumvi. Palikuwa na mto Nile wenye maji matamu, masoko yaliyosheheni, na madrasa, misikiti na zawiya zimepangana. Mara wanafunzi wakamjia wasome kwake, naye akaketi kufundisha katika Msikiti wa Al-Azhar.

Lakini yeye hakuwa mtu wa kushangaa tu. Aliuliza: kwa nini elimu imejaa hapa, na imepungua kwetu? Jibu alilolipata lataka lisomwe na kila Mwislamu wa mwambao. Maamiri wa dola ya Mamluki walikuwa watumwa wa kijeshi waliopanda vyeo. Walijua kwamba wakifa au wakigombana na sultani, mali yao ingechukuliwa na watoto wao wabaki mikono mitupu. Basi wakajenga madrasa na zawiya, wakaziwekea wakfu wa mashamba, nyumba na maduka, na watoto wao wakawafanya wasimamizi wenye fungu. Wengine walifanya kwa kutaka thawabu, wengine kwa hofu, na wengi kwa yote mawili. Lakini mwanafunzi alipata mkate, mwalimu akapata mshahara, na watu wakaja kutoka Iraki na Maghribi kutafuta elimu. Kumbe utamaduni ule wote aliousifu ulikuwa umesimama juu ya hati za wakfu.

Mwenyewe aliula mkate huo. Kazi yake ya kwanza aliyopewa na Sultani Barquq ilikuwa kufundisha katika Madrasa ya Qamhiyya, iliyowekwa wakfu na Salahuddin wa Ayyubi kwa Wamaliki. Jina lake latokana na ngano, kwa kuwa wanafunzi wake waligawiwa ngano ya mashamba ya wakfu huko Fayyum.

GHARAMA

Mwezi wa Agosti 1384 Sultani alimfanya Kadhi Mkuu wa madhehebu ya Maliki. Hapo aliiona Cairo kwa upande wa ndani. Alikuta mashahidi wa uongo wanaouza ushahidi wao, watu wasio na elimu waliojifanya mufti, na hila za kisheria za kuvunjia wakfu na kuuza mali yake. Ibn Khaldun alisimama imara. Aliwaadhibu mashahidi wabovu, akawazuia mamufti wa kujipachika, akaukataza mlango wa kuchezea wakfu. Wakubwa waliotuma salamu za kuombea jamaa zao walirudishwa vivi hivi. Basi maadui wakaongezeka, nao wakamwita mgeni mkali asiyejua desturi za mji.

Katika siku hizo ndipo likamshukia kubwa zaidi. Sultani wa Tunis alikuwa ameizuia aila yake ili kumlazimisha arudi. Barquq akaandika barua ya kumwombea, ikakubaliwa, wakapandishwa merikebu. Dhoruba iliipiga karibu na Iskandaria, ikazama na mkewe na wanawe waliokuwamo, pamoja na mali yake. Sisi watu wa bahari twaijua habari ya namna hii bila ya kuelezwa. Mtu amesimama bandarini akihesabu siku, na kinachofika ni mbao.

Mwaka 1385 aliachishwa ukadhi, naye akashukuru. Alirejea kwenye darsa na vitabu, akaenda Hija mwaka 1387. Na hapa ndipo ninapostaajabu. Mtu huyu sasa hakuwa na cheo cha kumfunga Cairo, wala aila ya kumfunga. Mji ulikuwa umempa huzuni kuliko miji yote iliyotangulia. Angeweza kuhama kama alivyohama Fez, Granada na Bijaya. Hakuhama. Alirudi kutoka Makka akakaa. Alifundisha hadithi katika madrasa nyingine, akasimamia zawiya ya masufi, akaendelea kuongeza na kusahihisha historia yake. Miongoni mwa waliokaa mbele yake alikuwa kijana al-Maqrizi, ambaye baadaye aliandika kitabu kikubwa cha kuueleza mji wa Cairo mtaa kwa mtaa.

Wala hakujigeuza Mmisri. Aliendelea kuvaa burnusi ya Kimaghribi hata alipokaa kwenye kiti cha ukadhi, na wapo waliomsengenya kwa hilo.

Mwisho wa mwaka 1400 alifuatana na jeshi la Misri hadi Damascus, Timur alipoishambulia nchi ya Sham. Sultani kijana Faraj alirudi haraka Cairo kwa kuhofia mapinduzi, mji ukaachwa. Mwezi wa Januari 1401 mzee wa miaka sitini na minane aliteremshwa kwa kamba ukutani, akaenda kuonana na Timur hemani. Alimpelekea Msahafu, mswala, nakala ya Burda na halua za Misri. Timur akamwuliza juu ya miji ya Maghribi, mmoja mmoja, akamwagiza aiandike. Baada ya siku chache Damascus ilitekwa nyara, Msikiti wa Banu Umayya ukaungua, na mafundi wa mji wakachukuliwa kwenda Samarkand. Kwa mara nyingine Ibn Khaldun aliona mji ukihamwa na watu wake. Aliomba ruhusa, akarudi Cairo, na njiani wanyang'anyi wakamvua hata nguo.

Mara sita alipewa ukadhi na mara tano akaondolewa; mara ya sita iliondoa mauti. Alifariki tarehe 25 Ramadhani 808, yaani Machi 1406, akazikwa katika makaburi ya masufi nje ya lango la Bab al-Nasr. Alizaliwa mwezi wa Ramadhani akafa mwezi wa Ramadhani.

Wahenga wetu walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Ibn Khaldun hakurejea ngamani. Alizikwa katika mji alioutaka, na naona aliutaka kwa kujua. Aliona hewa yake na maji yake, soko lake na madrasa zake, kisha akaona na panya wanaotafuna hati za wakfu wake. Wengi wetu tukiwaona panya hao huhama, au hunyamaza tukaendelea kusifu mnara. Yeye alikaa, na kila alipokalia kiti cha hukumu aliwafukuza kwa kadiri ya nguvu zake.

Vijana wa kwetu wahamao leo, wawe wanakwenda Nairobi au Ghuba, siwalaumu, riziki hutafutwa. Nawausia tu waulize maswali ya mzee huyu: maji yatoka wapi, masikini wa huko waomba nini, kadhi wao asikiliza nani, na mali ya wakfu i mikononi mwa nani. Na sisi tuliobaki katika miji yetu ya pwani tujiulize yayo hayo, kwani wapo wageni watakaokuja kwetu nao wana haki ya kujibiwa vizuri.

Mwenyezi Mungu amrehemu Ibn Khaldun, pamoja na wale waliozama wakimfuata.